Kompyuta Inapokataa Kuwaka Vizuri: Tafuta Kwanza Inapokwama

Hujambo mtazamaji, na karibu katika karakana yetu hapa Kondele, Kisumu. Kompyuta hii unayoiona mezani imeletwa asubuhi ya leo. Ukiibonyeza inawaka, inaonyesha nembo ya mtengenezaji, vitone vya Windows vinazunguka kidogo, kisha inajizima na kuanza upya.

Kompyuta ikifika hali hii, wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Nakusihi usianze hapo. Mwaka jana mwalimu mmoja kutoka upande wa Ahero aliniletea mashine ambayo fundi wa kwanza alikuwa ameshafuta diski yake yote, ilhali kasoro ilikuwa kijiti cha ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kilicholegea. Kukikaza kulinichukua dakika mbili, lakini alama za wanafunzi wake za muhula mzima hazikupatikana tena. Iliniuma sana, na ndiyo sababu ya video hii.

Anza na umeme. Chomoa printa, flashi na kila kilichochomekwa isipokuwa skrini, kibodi na kipanya, kwa kuwa flashi iliyosahaulika yaweza kuifanya kompyuta itafute Windows mahali isipokuwepo. Kisha ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni iliyolegea. Ikiwa ni kipakatalishi, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, halafu ujaribu kwa chaja peke yake.

Sasa iwashe na uitazame kwa makini. Ikiwa hata nembo haitokei, au inalia milio ya mfululizo, kasoro iko kwenye vifaa vyenyewe; hesabu milio hiyo, kwani kila mtengenezaji ameipa maana yake. Ikiwa inazimika baada ya dakika chache za kazi, shuku joto na usafishe vumbi kwenye feni. Na ikiwa tarehe na saa hurudi nyuma kila ukiizima, badilisha ile betri ndogo ya duara iliyoandikwa CR2032, ambayo ni ya volti 3.

Hatua ya ramu nataka tuifanye polepole. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, na uguse chuma cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini mwako uondoke. Fungua vishikizo vya pembeni, utoe vijiti, na usugue taratibu meno yao ya rangi ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, kisha upanguse mabaki yote. Unaporudisha, kandamiza hadi vishikizo vijifunge vyenyewe. Jaribu kijiti kimoja kimoja, usivirudishe vyote kwa pamoja. Tazama: nikiweka hiki cha kwanza peke yake, kompyuta inajizima vilevile, nikiweka cha pili katika tundu lilelile, inafika hadi mwisho. Tundu ni zima, kijiti cha kwanza ndicho kibovu.

Ikiwa yako bado inakwama kwenye Windows, huenda baada ya kushindwa mara mbili au tatu mfululizo italeta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Chagua Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Startup Repair. Hiyo isipofaa, rudi uchague Startup Settings, ubonyeze Restart, halafu ubonyeze namba 4 ili iwake katika hali salama (Safe Mode), yaani Windows ikiwa na vitu vya lazima tu. Ikikubali kuwaka hivyo, kumbuka ni programu gani au sasisho gani uliweka siku za karibuni, uliondoe. Ukiulizwa ufunguo wa BitLocker, ile kinga ya Windows inayofunga diski, wenye tarakimu 48, utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla ya kugusa jambo jingine lolote.

Diski nayo ina tahadhari yake. Ukisikia inagonga klik, klik, klik, izime papo hapo, kwa sababu kila unapoiwasha unaweza kuiharibu zaidi. Usiipe hata amri ya chkdsk, ile ya Windows ya kukagua diski, maana amri hiyo huifanyisha kazi kubwa diski iliyokwisha kuchoka. Ikiwa haigongi ila unaishuku, itoe, uiunganishe na kompyuta nyingine, na unakili picha, barua na hesabu zako kwanza. Ikiwa inagonga au haisomeki, mpelekee fundi mwenye ujuzi wa kuokoa faili.

Tukirudi kwa hii yetu, nimekiweka kando kijiti kibovu na kufunga kasha. Nitaizima na kuiwasha mara tatu mbele yako, kisha nitafungua faili mbili tatu za mwenyewe akiwa hapa, ahakikishe kwamba zipo zote.