Mashapu yako ya kwanza: sauti ya wimbo huu, biti ya wimbo ule

Karibuni. Leo tunatoa sauti ya rapa kwenye wimbo mmoja, tunaiweka juu ya biti ya amapiano, na tukimaliza tuwe na faili moja la kuchezwa. Hiyo ndiyo mashapu. Rimiksi ni ndugu yake: wimbo unabaki mmoja, wewe unaubadilishia mdundo na mpangilio.

Mnayoiona kwenye skrini ni VirtualDJ, programu ya kuchanganya nyimbo. Inatenganisha sauti na vyombo yenyewe, na ni ya bure ukiitumia nyumbani bila kuunganisha mtambo wa DJ. Ukiwa na programu nyingine, vitufe vitakaa kwingine lakini kazi ni ile ile.

Kwanza, nyimbo zenyewe. MP3 ya kbps 128 (kbps ikiwa ndogo, ubora nao ni mdogo) iliyopitia WhatsApp za watu kumi imeshapoteza sauti za juu. Ukiitenganisha, rapa atasikika kama yuko ndani ya pipa la maji. Tafuta ya kbps 320, au WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa.

Buruta wimbo wa rapa uweke deki (kichezeo) ya kushoto, amapiano deki ya kulia. Soma vitu viwili kila upande: BPM, yaani mapigo kwa dakika, na ufunguo, yaani noti ambazo wimbo umejengwa juu yake, ukiandikwa kwa kodi kama 8A. Kushoto tuna 106 na 8A. Kulia, 112 na 9A.

Usikimbilie SYNC, kitufe cha kulinganisha kasi ya deki mbili. Ukimvuta rapa kutoka 106 hadi 112, umemwongezea karibu asilimia 6, na kuanzia hapo maneno huanza kutafunika. Afadhali wakutane katikati: weka deki zote mbili 109, kila upande usogee chini ya asilimia 3. Washa kufuli la ufunguo, la sivyo kasi ikipanda, sauti nayo inakuwa nyembamba kama ya katuni.

Kuhusu ufunguo: 8A ni A maina. Inaelewana na 8A mwenzake, 7A, 9A na 8B, kwa hiyo hawa wetu wako sawa. Biti ingekuwa 3A je? Namba ziko mbali, lakini 3A iko nusu toni tu juu ya 8A. Pandisha ufunguo wa rapa nusu toni moja, mambo kwisha. Ila usiiamini programu kipofu. Ufunguo inaukosea mara nyingi. Chukua neno ambalo mwimbaji amelivuta, lichezeshe juu ya besi, usikilize. Kwa rapa anayetema tu, tofauti haisikiki sana. Kiitikio kinachoimbwa ndicho kitakachokuumbua.

Sasa gridi, ile mistari iliyosimama juu ya mawimbi. Vuta karibu uone: kila mstari ukae juu ya kiki (ule mpigo mzito wa ngoma ya chini), mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Nyimbo za kompyuta hazisumbui. Benga na rumba za zamani zinasumbua, kwa sababu mpiga ngoma ni binadamu, na gitaa likichanganya anakimbia kidogo. Gridi inakuwa sawa ubeti wa kwanza, ikifika wa tatu imeshapotea. Usipigane na wimbo mzima: kata lupu (kipande kinachojirudia) ya baa 4 au 8 ya gitaa, ufanyie kazi hiyo.

(Baa moja ni mapigo 4. Zile baa za pombe za River Road, Nairobi, tuziache.)

Hapa ndipo wengi wanapoangukia: alama ya kuanzia. Unasikia neno la kwanza la rapa, unaweka alama papo hapo. Kosa! Marapa wengi huingia kabla ya pigo la kwanza, nusu pigo au hata mawili. Ukiweka alama kwenye neno, mstari wote unahama na utasikia rapa "akijikwaa" ingawa BPM ni sawa kabisa. Tafuta pigo la kwanza la baa, hata kama halina neno, uweke alama hapo. Kisha rudi nyuma baa moja nzima na uanzishe kutoka huko, yale maneno ya kuingilia yapate nafasi.

Bonyeza Vocal pekee deki ya kushoto. Kulia, zima sauti ya mwimbaji uache vyombo. Upande wa rapa punguza besi hadi mwisho, kwa sababu utenganishaji huacha mabaki ya kiki, na kiki mbili zikigongana mdundo unakuwa uji.

Bonyeza REC, format iwe WAV. Acha biti icheze baa 8 peke yake. Kwa 109 hizo ni kama sekunde 17.6. Mwingize rapa. Kiitikio kikikaribia, zima biti mapigo 4 ya mwisho, uirudishe kiitikio kinapoanza. Hilo pengo dogo linashinda efekti zote mlizozizoea. Taa za sauti zibaki kijani; zikigusa nyekundu, sauti inapasuka na huwezi kuirekebisha baadaye.

Kuhusu kupakia mtandaoni: sheria ya hakimiliki ya Kenya, ya 2001, inampa mwenye wimbo haki ya kuamua nani aubadilishe. Leseni ya kucheza muziki klabuni au kwenye matatu haikupi ruhusa hiyo. Na YouTube itautambua wimbo kabla hujapata hata watazamaji kumi. Omba ruhusa, au tumia sauti ambazo msanii mwenyewe amezitoa zifanyiwe rimiksi.

Kabla ya kumtumia mtu, lisikilize faili kwa spika ya simu, kisha kwa spika yenye besi nzito kama ya nganya, zile matatu zilizopambwa. Kwenye simu biti ikipotea, ongeza snea (ngoma yenye mlio mkali) kidogo. Kwenye spika kubwa rapa akimezwa, punguza besi ya biti, usiongeze sauti ya rapa. Rekodi tena, na kwenye jina la faili uandike 109, ili usianze kuitafuta upya kesho.