Kampala ya Bondeni

Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi wageni mliotoka Bukavu, Mwanza na Mombasa, karibuni Kampala.

Nimeombwa nizungumzie vivutio vya katikati ya mji, nami nimepewa nusu saa tu, kwa hiyo mtanisamehe nikiruka vingi. Bulange lenye bunge la Buganda, makaburi ya wafalme Kasubi, jumba la makumbusho la Kitante: hayo atawapeleka mtu yeyote mwenye gari. Mimi ni mtu wa miguu, na leo nataka niwashushe bondeni.

Mji huu hupima utajiri kwa kimo. Balozi na hoteli kubwa ziko juu, Nakasero. Kampala Road imepita ubavuni mwa kilima kama mshipi, na chini ya huo mshipi mji unateremka, maduka juu ya maduka, mpaka mfereji wa Nakivubo, ambao mvua ikizidi hufurika na maji yakaingia dukani bila hodi. Watembeza wageni wengi huishia kwenye mshipi. Wakifika Kampala Road, wanageuza gari.

Tuanze juu, basi, ili tupate pa kushukia. Kando ya Speke Road ipo Sanamu ya Uhuru, kazi ya Gregory Maloba, Mkenya aliyekuwa mwalimu wa sanaa Makerere. Ni ya mwaka 1962. Mama amezungushiwa vitambaa mwilini kama majeruhi, naye amemwinua mtoto, na mtoto amenyoosha mikono mbinguni. Wengi humpiga picha mtoto. Nawaomba mumtazame mama: jinsi vitambaa vilivyombana, na bado amesimama wima.

Sasa likumbukeni jina la barabara hiyo. Speke. Huyu msafiri Mwingereza alifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1862, na kwa safari hiyo akapewa barabara yenye kivuli, karibu na bustani za hoteli. Haya, vukeni Kampala Road (tazameni kushoto, kulia, halafu kushoto tena, maana boda boda haina upande), mteremke hadi Soko la Nakasero. Hapo sokoni pana kijimtaa kinachoitwa Snay bin Amir.

Nilikipita kijimtaa hicho miaka zaidi ya kumi nikienda kununua nyanya, sikuwahi kuinua kichwa nisome kibao. Siku niliyosoma, nilisimama mpaka mchukuzi wa ndizi akanitukana kwa Kiganda, na alikuwa na haki.

Snay bin Amir alikuwa Mwarabu wa Maskati. Alianza maisha kwa kutengeneza vitu vitamu, halafu akavuka bahari, akatajirika Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Alitajirika kwa pembe za ndovu na kwa kuuza watu; hilo tusilifunike kwa kanga. Speke na mwenzake wa safari, Mwingereza Burton, walipofika Kazeh mwaka 1857, yeye ndiye aliyewapokea, akawapa nyumba, akamsaidia Burton kukusanya maneno ya lugha za huku. Na ni yeye aliyewapa habari za Buganda, kwa sababu alikuwa ameshafika. Alikuja mwaka 1852, enzi za Kabaka Suna, miaka kumi kabla ya Speke.

Burton naye ana mtaa, huko huko bondeni, ingawa Uganda hakuikanyaga maisha yake yote! Kwa hiyo wale watu watatu wa Kazeh wamekutana tena Kampala. Aliyefika wa mwisho yuko juu na mahoteli, aliyetangulia yuko chini na vitunguu. Kuna mjadala siku hizi wa kufuta majina ya kikoloni mitaani. Mimi sina ugomvi nao, ila ningependa kwanza watu wayasome.

Tena Snay hakuwa wa kwanza. Ahmed bin Ibrahim alimfikia Suna mwaka 1844, akaleta habari za Uislamu. Misafara hiyo ndiyo iliyoleta na Kiswahili. Waganda wengi wa rika langu wamelelewa wakiambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi, nami nafurahi kwamba mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini ukitaka kujua umri wake hapa, usianze na kambi ya jeshi.

Kwenye mtaa huo huo wa Snay pana hekalu la Wahindu, la mawe yaliyochongwa, limebanwa na maduka. Mkitoka hapo, inueni macho juu ya vibao vya simu na mashati. Kwenye paji la majengo ya zamani mtaona majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi. Mwaka 1972 Rais Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke. Majina yakabaki juu, chini wakaingia wengine.

Kama ni Novemba, msiondoke sokoni bila senene, wale panzi wa kuliwa. Wanawake huketi na beseni, vidole vimepakwa jivu ili visiteleze, wakinyofoa mabawa na miguu huku wanazungumza habari nyingine kabisa. Huuzwa kwa kikombe. Wakikaangwa na kitunguu na chumvi kidogo, hawahitaji mafuta, yao yanatosha.

Bondeni zaidi mtakuta Luwum Street na Ben Kiwanuka Street. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mwaka 1977. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa Mahakama Kuu mwaka 1972, hakurudi nyumbani. Leo majina yao hutajwa siku nzima na makondakta wanaoita abiria. Soko la Owino liko mbele kidogo, lakini huko nendeni siku nyingine, na fedha mfuko wa ndani.

Mwisho tunapanda tena, safari hii Kilima cha Old Kampala, alipojenga ngome Kapteni Lugard, Mwingereza, mwaka 1890. Leo kilima ni cha Msikiti wa Taifa. Amin aliuanzisha mwaka 1972, ukakwama miaka mingi, Gaddafi wa Libya akaumalizia, ukafunguliwa rasmi mwaka 2008. Mnara wake una ngazi zaidi ya 300. Niliwahi kuzihesabu mara mbili nikapata majibu mawili tofauti, pumzi ikiwa ndiyo sababu. Ukifika juu, makaloli, wale ndege wakubwa wa jalalani, wanapita usawa wa macho yako, na kwa mara ya kwanza wanapendeza. Kilima cha Namirembe kiko kule, Rubaga kule, Kibuli na msikiti wake kule. Na ukitazama chini kabisa, ule mchanganyiko wa mabati, miavuli na taksi nyeupe, ndilo bonde tulilotoka.

Watakaonifuata kesho tukutane kwenye Sanamu saa mbili asubuhi. Viatu viwe vya kuvua upesi, maana hekaluni na msikitini vinavuliwa. Dada zangu, bebeni kanga mbili. Mlangoni wana nguo za kuazima, lakini yako unaijua mwenyewe. Tutakunywa chai kwenye mtaa wa Snay, na sukari atalipa aliyechelewa.