Mutura na Malaki

Bwana asifiwe. Naona wengi mmetoka ibadani moja kwa moja, na wengine, pua inaniambia, mmepitia kwa muuza mutura. Mmeniita niseme Mkristo ni nani; basi tuanzie hapo.

Mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, ina damu. Katika Matendo sura ya 15, mitume na wazee wanakaa Yerusalemu kuamua Wamataifa, yaani wasio Wayahudi, waliomwamini Kristo washike nini. Tohara hawakuwatwika. Waliwakataza mambo manne: vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, nyama ya mnyama aliyesongolewa, na uasherati. Hili ni Agano Jipya, jamani, si kitabu cha Walawi. Uasherati tunauhubiri hadi spika zinakwaruza. Damu tunaitilia kachumbari.

Sijasema muache mutura. (Mimi mwenyewe nitaipitia jioni.) Nasema yule anayekuambia "wewe si Mkristo, unachagua mistari" naye amechagua. Marcion, mwalimu wa karne ya pili, alichagua bila kificho: alilitupa Agano la Kale lote, akabaki na Injili ya Luka aliyoipunguza na nyaraka kumi za Paulo. Kanisa la Roma likamtenga mwaka 144. Nasi hata idadi ya vitabu hatujakubaliana. Mprotestanti ana 66, Mkatoliki 73, Mwethiopia wa Orthodoksi 81. Nani kati yao anaamini "Biblia yote"?

Kwa hiyo kuchagua kwenyewe hakuninyimi usingizi. Ninachouliza ni, ukichagua hivyo, nani anashiba? Malaki 3:10, leteni zaka kamili ghalani. Hapa nani hajaikariri? Sasa rudini mistari mitano nyuma. Bwana anasema atawashuhudia wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, na wale wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake. Ukurasa ni uleule! Dada anayekulelea watoto kule mtaa wa Umoja hajaona mshahara tangu mwezi juzi, na zaka yako imeshatumwa kwa M-Pesa kabla mhubiri hajafunga Biblia.

Sasa swali lenu, Mkristo ni nani. Matendo 11:26: wanafunzi waliitwa Wakristo kwanza Antiokia. Waliitwa. Yaelekea jina lilitoka kwa majirani waliowatazama wanavyoishi. Mimi sitakuita wala sitakunyima. Nenda nyumbani, mlipe yule dada miezi yake miwili, kisha umuulize yeye.

Haya, mama uliyeinua mkono kule nyuma, nimekuona.