Carl Ben Eielson: Mwalimu wa Fairbanks Aliyebeba Barua Angani

Mabibi na mabwana, nanyi vijana mnaosomea urubani na ufundi wa ndege, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie marubani wa kwanza wa porini kule kaskazini ya mbali. Wako wengi, nami nimemchagua mmoja, Carl Ben Eielson wa Alaska. Wanaomtaja humtaja kwa kuvuka Bahari ya Aktiki. Mimi nitakaa zaidi kwenye magunia ya barua, kwa sababu naamini hapo ndipo alipowafaa watu.

Alizaliwa mwaka 1897 katika mji mdogo wa Hatton, North Dakota. Urubani alijifunzia jeshini, lakini Vita Kuu ya Kwanza ikaisha kabla hajapelekwa Ulaya. Akaingia kusomea sheria Washington, huku akijikimu kwa kazi ya ulinzi katika jengo la Bunge. Huko alikutana na Dan Sutherland, mwakilishi wa Alaska, naye akamshawishi aende kufundisha Fairbanks. Mwaka 1922 akaenda, akapewa madarasa ya hesabu na sayansi. Chaki haikumshika kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata watu wa mjini, wakiwemo mwenye benki na mhariri wa gazeti, walichanga fedha ikanunuliwa Curtiss Jenny, ndege ya mafunzo iliyobaki kutoka vitani.

Sasa fikirini umbali wenyewe. Kutoka Fairbanks hadi kijiji cha McGrath ni kilomita kama 450, yaani kama Dar es Salaam hadi Dodoma. Hapakuwa na barabara. Barua zilikwenda kwa sleji za kukokotwa na mbwa, na safari ilichukua karibu wiki tatu. Umeandikiwa kwamba mzazi wako anaumwa. Ukiipata barua, huenda matanga yameshaanuliwa.

Eielson aliwaandikia wakuu wa Posta mpaka wakakubali kumjaribu: safari kumi, dola mbili kwa kila maili, chini ya nusu ya walichokuwa wakilipa kwa mbwa. Wakampa ndege ya de Havilland, wakaifunga skii badala ya magurudumu. Tarehe 21 Februari 1924 akaruka. Kiti cha rubani kilikuwa wazi, upepo unampiga usoni. Alivaa soksi nzito za sufu, juu yake soksi za ngozi, viatu laini vya ngozi vinavyopanda hadi magotini, suruali juu ya suruali, na koti pana la ngozi lenye kofia ya manyoya. Ndani ya ndege aliweka shoka, bunduki, viatu vya kutembelea thelujini na chakula cha siku kumi. Mzigo huo unaonyesha jinsi alivyoielewa kazi yake: injini ikizima njiani, atarudi kwa miguu.

Alifika McGrath kwa muda usiotimia saa tatu. Wakati wa kurudi alipotea njia, giza likamkuta angani. Watu wa Fairbanks waliwasha mioto uwanjani ili aione. Aliiona, akatua vibaya kidogo, ndege ikaumia, yeye akatoka mzima.

Alifanya safari nane tu. Baada ya ajali kadhaa wakati wa kutua, Posta iliusitisha mkataba na barua zikarudi kwa mbwa. Hoja ya Posta ilikuwa na uzito, maana viwanja vya kutulia havikuwepo na matengenezo yaligharimu. Lakini nani angejenga viwanja ikiwa hakuna ndege inayokuja? Huo ndio ugomvi wangu na uamuzi ule. Leo McGrath bado haina barabara inayoiunganisha na miji mikubwa, na ndege ndiyo tegemeo lake.

Nanyi mafundi, sikilizeni hili. Katika baridi ile oili huganda injini ikipoa. Kwa hiyo marubani wa Alaska wakishatua waliimwaga oili ingali moto, wakaingia nayo ndani na kuiweka karibu na jiko. Asubuhi wanaipasha tena. Injini inafunikwa turubai hadi chini, na jiko linawashwa ndani ya hilo turubai, hatua chache kutoka kwenye petroli! Mtu mmoja analilinda, hathubutu kusinzia. Injini ikishapata joto, wanamimina oili na kuwasha injini haraka. Ni kazi ya saa nzima na zaidi kabla rubani hajapanda kitini.

Mwaka 1927, akiwa na mvumbuzi wa Australia Hubert Wilkins, Eielson alitua juu ya barafu ya bahari na kutengeneza injini katika dhoruba. Vidole vikaungua kwa baridi. Petroli ikawaishia kabla ya kufika nchi kavu, wakashuka gizani juu ya barafu, na ilipotulia dhoruba wakatembea karibu wiki mbili hadi ufukweni. Kidole kimoja cha Eielson kilikatwa. Aprili 1928 wakarudi tena, wakaondoka Point Barrow, kaskazini kabisa ya Alaska, na kufika visiwa vya Spitsbergen, kaskazini ya Norway, baada ya saa 20 na dakika 20. Dhoruba iliwalazimisha kutua kwenye kisiwa kitupu, na kuondoka hapo kukawa shida. Wilkins alikuwa nje akiisukuma ndege iliyonata kwenye theluji. Mara mbili ndege iliondoka bila yeye, Eielson akazunguka na kutua kumchukua. Mara ya tatu wakaondoka pamoja.

Alikuwa shujaa sasa, angeweza kukaa mjini akipigwa picha. Akarudi Alaska kusimamia kampuni ya Alaskan Airways. Mwaka 1929 meli ya Nanuk ilinaswa na barafu pwani ya Siberia, ikiwa na watu na shehena ya ngozi za manyoya. Safari ya kwanza ya kuwaokoa ilifanikiwa. Tarehe 9 Novemba aliondoka Teller, pwani ya Alaska, tena na fundi wake, Earl Borland. Hawakufika.

Marubani Joe Crosson na Harold Gillam waliwatafuta katika majira ambayo mwanga wa mchana ni wa saa chache. Januari 1930 wakaona bawa limechomoza thelujini. Mkono wa kuongezea mwendo ulikutwa umesukumwa hadi mwisho: injini ilikuwa ikivuta kwa nguvu zote, hawakuwa wakijaribu kutua. Wengi wanadhani kipimo cha mwinuko kiliwadanganya, nami nakubaliana nao. Kipimo kile hufuata mgandamizo wa hewa. Ukiingia kwenye dhoruba mgandamizo hushuka, nacho kinaonyesha uko juu kuliko ulipo kweli. Siku hizi mnara wa kuongozea ndege unampa rubani namba ya kukirekebisha. Eielson hakuwa na redio ya kuuliza.

Warusi walishiriki kufukua miili, ingawa Marekani ilikuwa bado haijaitambua serikali yao, na rubani wao Mavriki Slepnyov akaisindikiza hadi Alaska. Eielson alizikwa Hatton, akiwa na umri wa miaka 32. Msisahau jina la Borland pia.

Asanteni sana. Anayetaka kuuliza, karibu.