Laki moja tu: tunafufua HP ya mezani ya mwaka 2011

Haya wadau, karibuni tena mezani kwangu hapa Morogoro. Mgonjwa wa leo ni huyu hapa, HP Compaq 8200 Elite, kile kiboksi chembamba cha mwaka 2011. Ndani ana prosesa ya Core i5-2400, ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 2 na diski ngumu ya kuzunguka. Ni ya mama mmoja mwenye duka la steshenari. Anasema akiiwasha asubuhi anafagia duka, anapanga madaftari, anakunywa chai, ndiyo inafunguka. Bajeti yake laki moja, na hela ya fundi imo humohumo.

Nimenunua hivi: SSD, yaani diski isiyozunguka, ya GB 256, elfu 55. Ramu mbili za mtumba, GB 4 kila moja, elfu 15 kwa 15. Batri ya saa buku, pesti ya kupozea prosesa buku tatu. Jumla elfu 89. Hiyo elfu 11 iliyobaki ndiyo mimi, msicheke.

Kama mfuko umebana zaidi ya hapo, anza na SSD. Prosesa hii ina kore 4, kwa kuandika barua na kuprinti bado inaweza sana, ila muda mwingi imekaa inasubiri ile sindano ya diski itafute mafaili. Na asikuuzie mtu ile SSD nyembamba kama kipande cha jojo, kwenye bodi hii haina pa kukaa. Chukua ya SATA, ile ya kuchomeka kwa waya, ya inchi 2.5.

Sasa ramu. Ngoja nisogeze simu... inaonekana? Soma stika: PC3-10600U. Angalia hiyo herufi ya mwisho. U ndiyo yetu. Ukikuta R, hiyo ni ya seva, irudishe. Na ubaya wake inaingia! Pini 240 zilezile, mkato palepale, inakaa vizuri kabisa, halafu mashine haiwaki. Mimi nilinunua nne za namna hiyo, nikatoka dukani natembea kifua mbele kwa bei niliyopata. Leo ndizo vishikio vyangu vya funguo, hii hapa moja. Kwa hiyo U. Nimesema U.

Tunafungua. Chomoa waya wa umeme kabisa, halafu bonyeza kitufe cha kuwasha, hesabu tano, umeme uliobaki ndani uishe. Kifuniko nyanyua... Eh! Jamani. Hili si vumbi, hili ni shamba. Na mende mmoja, marehemu. Toka nje na brashi ya rangi, piga vumbi, feni uishike kwa kidole isizunguke. Hii nakimbiza, mnaijua.

Hitisinki, kile chuma cha kupozea juu ya prosesa: skrubu nne, legeza kwa mshazari, futa pesti iliyokauka, weka tone la ukubwa wa punje ya mchele, rudisha. Prosesa yenyewe iache palepale. Chini yake kuna pini nyembamba kama unywele, ukikunja moja tu ujue umenunua mazabodi, ile bodi kuu.

Haya, kaeni karibu, maana hapa ndipo watu wanaharibu. Nyanyua kikasha cha CD, chini yake kuna matundu ya ramu. Fungua vibanio vya pande zote mbili. Linganisha mkato wa ramu na kile kijino cha kwenye tundu. Hauko katikati, uko pembeni kidogo, kwa hiyo ramu ina upande mmoja tu wa kuingilia. Ikigoma igeuze, usiilazimishe. Bonyeza kwa vidole gumba viwili, huku na huku. Unataka kusikia tak, tak. Mbili. Ukisikia moja bado hujaweka ramu, umeiegesha. Niliwahi kuegesha hivyo nikawasha, nikashinda siku nzima nahangaika na pawa saplai isiyokuwa na kosa. Tak mbili. Na hii ya pili... tak... haya, tunaendelea.

Diski ya zamani toa, usiifute, ina kazi za mama za miaka yote. Waya wake wa umeme ndio unahamia kwenye SSD, na waya wa data uchomeke palipoandikwa SATA0. Nafasi ni ya inchi 3.5, SSD itacheza humo. Breketi zinauzwa, mimi nabandika kwa gundi ya povu ya pande mbili. Ndani hakuna kinachozunguka, hailalamiki.

Batri ni CR2032, toa weka. Ikichoka, saa inarudi nyuma miaka kibao, tovuti zote zinakuambia si salama, watu wanaanza kutafuta virusi. Hizi ninazo dukani.

Simu imeanguka, samahanini. Nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa.

Tunawasha... pii, pii, pii, pii, pii. Taa nyekundu. Mnahesabu? Tano. Kwa HP hizi tano ni ramu. Haya, cheka basi. Zima, chomoa waya. Sogea uone: waya wa data umepita chini ya kibanio cha ramu ya pili, ndiyo maana tak ilikuwa moja, na mimi nikapita tu kwa sababu nilikuwa naongea. Sikati kipande hiki. Vuta waya pembeni, bonyeza... tak. Hiyo sasa.

Washa, gonga F9, chagua flashi. Naweka Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure mbadala wa Windows, toleo jepesi. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, hii ni ya pili. Njia za kuilazimisha zipo, lakini kwa mashine ya biashara ya mtu sitaki simu za saa nne usiku. Barua za wateja zitafunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, ila weka kwanza fonti za Microsoft, la sivyo mistari inahama na mteja anakuona tapeli.

Imemaliza. Nazima, nawasha tena, saa ya simu ipo... sekunde 27, eneo-kazi hili hapa. Chai ataitafutia muda mwingine.

Diski ya zamani naitia kwenye bahasha na kuandika jina lake juu. Jumamosi anakuja, tunahamisha mafaili akiwa amekaa hapohapo, maana yeye ndiye anajua ipi risiti ya mwaka jana na ipi kadi ya harusi.