Kikubwa Kuliko Nini?

Walio nyuma mnanisikia? Haya. Mlionisikia miaka iliyopita mnajua naanzia wapi, vumilieni tu. Kila mwaka nasema kitu kikubwa hakionekani kikubwa pichani bila kingine cha kukipimia, na kila mwaka naletewa picha zilezile.

Zamani nilipanda kwa muda wa saa tatu kulifuata jabali moja, begi mgongoni, stendi ya miguu mitatu begani. Jabali lenyewe, ukikitafuta kilele kofia inaanguka. Nikapiga. Likajaa fremu pembe hadi pembe, mwanga wa asubuhi, kila ufa unahesabika. Nikaichapisha, nikampelekea shangazi yangu. Akaivalia miwani, akaigeuza nyuma kama kuna maelezo, akasema: "Jiwe zuri. Umeliokota wapi?"

Chekeni. Mimi nilinuna wiki nzima, nikijiambia shangazi hajui picha. Kumbe aliisoma sawasawa. Nilimpa karatasi ya upana wa kiganja yenye nyufa, na ufa wa jiwe la ngumi hauna tofauti na ufa wa jiwe la kumeza ghorofa. Wanajiolojia wanalijua hili. Ndiyo maana wakipiga picha ya mwamba huweka kando nyundo, sarafu au kifuniko cha lenzi, tena si kwa urembo.

Siku ileile nilipiga nyingine, nikataka kuitupa. Mwenzangu alikuwa ameingia ndani ya fremu bila habari, amechutama chini ya jabali anafunga kamba za viatu. Koti jekundu, ukubwa hafiki punje ya mchele. Nilipompa shangazi hiyo, hakusema kitu kwanza. Akaisogeza karibu na pua. "Huyu ni mtu?" Kisha nikayaona macho yake yakipanda, polepole, kutoka kwenye lile koti hadi ukingo wa juu wa karatasi, na mdomo ukabaki wazi. Jamani, miaka yote hii ninachotafuta ni macho yale.

Najua kuna anayenong'ona: mwalimu, mtu anaharibu mandhari. Anaharibu, ndiyo, ukimsimamisha katikati ananyoosha vidole viwili. Hapo umepiga picha ya mtu, jabali limegeuka pazia. Mpe mgongo, mpe shughuli, mwache awe mdogo. Wala si lazima awe mtu. Mlango, ngazi, baiskeli, ng'ombe, chochote ambacho mtazamaji ameshakipima kwa mwili wake mwenyewe. Mti haumo, maana mti una urefu wowote unaoutaka.

Na kipimo nacho hudanganya. Wavuvi mnawajua. Ananyoosha mikono ili samaki aje mbele: samaki yuko mita 1 kutoka kwa kamera, kifua cha mvuvi kiko mita 1.5. Samaki ameshaongezeka nusu ya urefu wake bila kula chochote! Tazameni vidole tu, vimevimba kama ndizi. Hivyo ndivyo vinavyomsaliti.

Kwa hiyo uwiano wa vitu viwili ndani ya picha unaamuliwa na mahali uliposimama. Si lenzi. Nasema tena: si lenzi, kwa sababu kuna watu hutoka hapa moja kwa moja kwenda kununua lenzi. Chukueni mwezi. Angani unachukua takriban nusu digrii, usogee mbele au urudi nyuma. Mtu wa mita 1.7 akiwa mita 20 kutoka kwako, mwezi haufikii hata kichwa chake. Rudi nyuma mpaka mita 190 hivi, mtu na mwezi wanalingana kimo. Rudi mpaka 380, mwezi ni mara mbili yake. Umetembea tu! Sasa ndiyo lenzi ndefu inapata kazi, maana hata kwa lenzi ya milimita 200 mwezi haufiki milimita 2 kwenye kihisi, kile kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera, chenye kimo cha milimita 24. Lakini lenzi inakuza vyote viwili kwa pamoja, haigusi uwiano uliokwisha kuutengeneza kwa miguu.

Hapa kila mwaka mtu huniletea ile picha ya chombo cha anga Voyager 1, ya tarehe 14 Februari 1990: Dunia kutoka umbali wa kilomita bilioni 6 hivi, haijazi hata pikseli moja. Mbona haina nyundo wala koti jekundu? Ninyi funikeni maelezo yake, mkamwonyeshe shangazi yangu. Atadhani ni vumbi kwenye kioo. Kipimo cha picha ile kiko kwenye maneno, na anayeweza kupiga picha kwa maneno, haya, apige; mimi sijafika huko.

Naona naonyeshwa saa. Nilikuwa na sehemu ya sura za watu, kwa nini pua huvimba ukimsogelea mtu mno, lakini ni habari ileile ya samaki. Ukubwa wa kuchapisha siugusi leo. Maswali? Wewe pale nyuma, kama unataka kujua lenzi gani ununue, shusha mkono.