Zege Halilali, Hata Ndani ya Mashine

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na ninyi wengine habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa vifaa vya zege, na nimeonywa nisirefushe kwa kuwa chai iko njiani. Basi naanza na mashine niliyoiua mwenyewe.

Ilikuwa mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, ya mfuko mmoja, injini ya dizeli, nimeinunua mtumba. Siku hiyo tulimwaga slabu tangu asubuhi mpaka magharibi. Vijana walikuwa wa kazi kwa malipo: zege likiisha, wanachukua chao wanaondoka. Karai la mwisho lilipopanda juu nikahesabu hela, wakanawa, wakaenda. Mimi mgongo unauma, nikajisemea mashine nitaiosha kesho. Asubuhi nikakuta ndani ya pipa kumeganda zege nene kama kiganja. Nikachukua nyundo.

Sasa nisikilizeni. Zege lingetoka taratibu, kwa patasi na subira. Nyundo ndiyo iliyoiua ile mashine. Bati likibonyea, kila kibonde kinakuwa kiota, na zege la kesho linaanza kushika pale pale. Unagonga tena, mabonde yanaongezeka. Mapanga ya ndani yakishavaa koti la zege hayanyanyui tena mchanganyiko, unateleza tu chini, na unamwaga saruji yenye mafundo huku unamlaumu saidia fundi.

Halafu pigeni hesabu ya uzito. Zege mita ya ujazo moja ni kama kilo 2,400. Ukiacha lita 20 zikagande ndani, ndoo moja tu ya rangi, hizo ni kilo 48. Ni kama umeupandisha mfuko wa saruji kwenye pipa ukauzungusha siku nzima, dizeli yako, mkanda wako, beringi zako, na hakuna anayekulipa kwa huo mfuko.

Sisi wote tunasema zege halilali. Tunaziambia slabu na nguzo, mashine tunaisahau. Na kuna neno moja linatuponza: tunasema zege "limekauka". Saruji haigandi kwa kukauka. Inashikana na maji, inaganda hata ukiizamisha baharini. Kwa hiyo kuiacha mashine kivulini, au kumimina maji kidogo ndani na kwenda kula, hakukuokoi. Saruji ya daraja la nguvu la 42.5 inatakiwa isianze kushika kabla ya dakika 60, lakini hizo dakika zinapimwa maabara kwenye nyuzi joto 20. Pipa la chuma lililopigwa jua la Dar es Salaam mwezi wa pili halijui habari za maabara.

Kuosha kwenyewe si kazi kubwa. Injini ikiwa bado inazunguka, tupia karai mbili za kokoto na ndoo ya maji, acha izunguke dakika tano. Kokoto zinasugua kila mahali ambapo brashi haifiki. Mwaga, rudia kwa maji matupu. Kisha zima injini, nasema zima, ndipo mkono uingie ndani. Usisahau mgongo wa pipa na fremu. Mkienda kula mchana, fanyeni hivyo hivyo. Maji yake yanaunguza ngozi na mimea, yasiende kwenye mtaro wa jirani.

Kuna atakayeniuliza kuhusu asidi. Inayeyusha zege, kweli, na ikimaliza zege inahamia kwenye chuma.

Sasa grisi, na hapa najua tutagombana. Ule mduara wa meno unaozunguka pipa, wengi wetu tunaupaka grisi mpaka unang'aa. Tunaona huruma, chuma kinasagana kikavu. Lakini meno yale yako wazi. Grisi inanasa vumbi la saruji na mchanga, inageuka msasa, na msasa huo unakula meno usiku na mchana. Watengenezaji wengi wa mashine ndogo wanaandika kabisa kwenye kitabu chao: hapa usipake grisi, piga brashi tu. Soma kitabu cha mashine yako. Grisi inakwenda kwenye beringi, kwa pampu, hadi ile ya zamani yenye uchafu itoke.

Vaibreta, ile mashine ya kutetemesha zege lishikamane, niseme kidogo. Kile kichwa kinatetema kama mara 12,000 kwa dakika, na kinachokipoza ni zege lenyewe. Kijana akikiacha kinanguruma hewani huku anapiga soga, beringi zinaungua. Mpira wake usikunjwe kama kamba ya mbuzi.

Injini nazo. Hizi ndogo za petroli, kama Honda GX160, zinakula oili nusu lita na kidogo tu, na inatakiwa kubadilishwa kila saa 100. Ukifanya kazi saa kumi kwa siku, hizo ni siku kumi! Wangapi hapa wanabadilisha? Naona mnacheka. Chujio la hewa ndiyo usiseme, maana vumbi la saruji likipita pale linakwenda moja kwa moja kusugua silinda.

Lakini yote haya mlikuwa mnayajua, au nusu yake. Mimi pia nilijua siku ile. Tatizo ni kwamba ile nusu saa ya kuosha haina mwenyewe. Vijana wamelipwa kwa kumwaga, hawakulipwa kwa kuosha, na huwezi kumlaumu mtu aliyebeba karai tangu saa moja asubuhi. Siku hizi nikipiga bei ya slabu, naweka kuosha ndani ya bei. Vijana wawili nawachagua asubuhi kabla kazi haijaanza, nawatamkia mbele ya wenzao: ninyi ni wa kuosha, kila mmoja ana elfu kumi yake juu ya malipo, nitailipa pipa likiwa jeupe. Tangu hapo nyundo iko kwenye kisanduku.

Mashine iko hapo nje chini ya mwembe, haijaoshwa, nimeiacha hivyo makusudi tangu saa mbili. Kunyweni chai upesi, kabla haijatushinda.